Safari ya Miguu Peke Yako Pwani Katika Umri wa Uzee: Kabla Hujalipa, Linda Uhuru Wako wa Kurudi Nyuma

Miongoni mwa malalamiko tunayoyapokea, yako machache ambayo fedha iliyopotea ndiyo sehemu ndogo kabisa ya habari. Mama mmoja mwenye umri wa miaka 67, mwalimu mstaafu, alifika ofisini kwetu akidai kurejeshewa shilingi 180,000 alizolipia malazi ya siku tatu katika nyumba ya wageni iliyoko ufukweni. Alikuwa katika safari ya miguu kandokando ya bahari, peke yake, kama alivyokuwa ameiahidi nafsi yake tangu siku aliyostaafu. Katika nyumba ile hakulala hata usiku mmoja.

Tulipomwuliza sababu, alitueleza kwamba siku ile alichelewa kuondoka alikolala, kwa kuwa aliyeahidi kumbebea mzigo kwa pikipiki hakutokea hadi saa nne asubuhi. Mbele yake palikuwa na kijito cha mikoko ambacho, maji yakiwa yamepwa, huvukwa kwa miguu bila shida. Alikifikia saa saba mchana. Kina mama waliokuwa wakirudi kutafuta pweza walimpigia kelele: "Mama, rudi! Maji yanajaa!" Aliwasikia vyema. Lakini ng'ambo ya pili kulikuwa na chumba alichokwisha kukilipia, na mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba fedha hairudishwi. Akaingia majini. Pembeni maji yalimfika mapajani; katikati yakamfika kifuani, na miguu ikaanza kuzama katika tope. Kina mama wale waliingia wakamtoa kwa kumshika mikono. Mkoba wake ulichukuliwa na maji pamoja na simu, dawa za shinikizo la damu na miwani.

Makala haya yanamhusu yeye na wengine wengi wanaofanana naye. Hatuandiki ili kuwazuia wazee wasitembee. Kutembea ni haki yao na ni afya yao, na mtu aliyefanya kazi miaka 40 hahitaji ruhusa ya ofisi yetu ili aitazame bahari. Tunaandika kwa sababu safari ya namna hii, ingawa huonekana kuwa jambo la miguu tu, imejaa manunuzi: viatu, malazi, usafiri wa mzigo, mtumbwi, mwongozaji, bima. Kila ununuzi unaweza kumwongezea msafiri uhuru wa kusimama na kurudi nyuma, au unaweza kumpunguzia uhuru huo. Kwa mzee anayetembea peke yake, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha thamani ya kitu anachokinunua.

Pwani yetu si njia iliyotayarishwa

Wasomaji wengi wameona katika televisheni au wamesimuliwa na jamaa walioko ng'ambo habari za njia ndefu za miguu za pwani. Ziko kweli. Huko Uingereza, njia iitwayo South West Coast Path ina urefu wa kilomita 1,014, kutoka Minehead hadi Poole. Wales nayo ilifungua mwaka 2012 njia inayofuata pwani yake yote, yenye urefu wa takriban kilomita 1,400. Njia hizo zina vibao, ramani, vijitabu na watu wanaolipwa kuzitunza, na wengi wanaozitembea ni watu waliokwisha kustaafu.

Hata hivyo, zingatia jambo moja. Katika njia hiyo ya South West Coast Path kuna mto uitwao Erme, usio na daraja karibu na bahari wala mashua ya abiria. Mtembeaji huuvuka kwa miguu katika muda wa takriban saa moja kabla na saa moja baada ya maji kupwa kabisa. Akichelewa, husubiri au huzunguka kwa barabara. Yaani hata pale ambapo serikali imeweka vibao njia nzima, bahari haijaacha kuwa bahari.

Mwambao wetu hauna njia ya namna hiyo. Anayetoka Tanga kwenda Pangani, au Saadani kwenda Bagamoyo, hufuata mchanga, vijia vya wavuvi, mashamba ya minazi na barabara za vijijini. Mito mikubwa kama Pangani, Wami na Ruvu haivukwi kwa miguu kamwe. Wami una mamba na viboko. Hifadhi ya Taifa Saadani inafika hadi baharini, na wanyama wakubwa huonekana hadi ufukweni. Mtu hapiti humo kwa miguu kama anayepita mtaani, bali hufuata masharti ya hifadhi, hulipa kiingilio na huongozana na askari wa hifadhi. Kwa hiyo safari ndefu ya pwani yetu ni vipande vya kutembea vilivyounganishwa na kivuko, basi au gari. Atakayekuuzia safari nzima kwa maneno kwamba "utatembea tu ufukweni mwanzo hadi mwisho" anakuuzia kitu kisichokuwapo.

Jambo jingine ni uzio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hata hivyo, msafiri anaweza kukuta ukuta unaoshuka hadi kwenye maji. Usizunguke ukuta huo kwa kupita majini wakati bahari inajaa. Rudi hadi barabarani, kisha toa taarifa kwa ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa.

Kuisoma bahari kabla ya kusoma bei

Wenyeji wa pwani wanayajua haya tangu utotoni, lakini wengi wanaotoka bara huyasikia mara ya kwanza wakiwa tayari wameloa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo saa ya kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia mita 3 na zaidi. Katikati ya vipindi hivyo huwa ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Siku za bamvua, katika sehemu kubwa ya mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana. Ndiyo sababu mgeni huvutiwa: asubuhi anaona ufuko mpana na mkavu, anadhani ndivyo ulivyo siku zote. Wiki moja baadaye, saa ile ile, bahari huwa imejaa. Anayekuambia "mimi nilipita hapo saa sita mchana" anasema kweli, lakini kweli yake ni ya siku yake.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuchukue siku ambayo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Kwa kukadiria, katika saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sentimita 30. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90. Saa ya nne 90. Saa ya tano 60. Na saa ya sita 30. Saa ya kwanza humdanganya mtu, kwa kuwa bahari huonekana kama imelala. Nusu ya maji yote huja katika saa ya tatu na ya nne. Siku ya yule mama maji yalipwa kabisa saa tano asubuhi. Alipofika kijitoni saa saba, yalikuwa yamekwisha kupanda karibu sentimita 90, na ile saa iliyokuwa ikianza ndiyo ilikuwa ya kasi kuliko zilizotangulia. Kina mama wa pweza hawakuhitaji hesabu hiyo. Wanaiishi kila siku.

Kutokana na haya tunashauri:

1. Pata jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la bandari iliyo karibu na unakokwenda, na uandike saa za kila siku ya safari katika karatasi, si katika simu pekee.
2. Vuka kijito maji yanapoelekea kupwa, si yanapoanza kujaa. Ukikosea wakati maji yanapwa, kusubiri kunakusaidia. Ukikosea yanapojaa, kila dakika inakudhuru.
3. Usipite chini ya miamba ya matumbawe kati ya rasi mbili ila umehakikisha kwamba utafika upande wa pili kabla ya saa ya pili ya kujaa. Katikati hapana pa kupandia.
4. Muulize mvuvi au mtafuta pweza wa mahali hapo siku hiyo hiyo. Mtu mwenye nyumba ya wageni anaijua bei ya chumba; mvuvi anakijua kijito.
5. Katika maji mafupi, tembea kwa kuburuza miguu, ili taa aliyejificha mchangani akimbie kabla hujamkanyaga.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba huwa na baridi kidogo na mvua chache, ingawa upepo wa kusi huwa mkali. Anayeelekea kaskazini wakati huo husukumwa mgongoni. Anayeelekea kusini hupigwa usoni siku nzima. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vijito hufurika na njia za tope hazipitiki. Sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa, hata kama hupandi chombo.

Mwili wa miaka 65 katika mchanga

Kutembea kwenye mchanga mkavu na laini hula nguvu karibu mara mbili ya kutembea kwenye ardhi ngumu. Kwa hiyo anayemudu kilomita 16 barabarani asijipangie 16 za ufukweni. Ajipangie 8, kisha aone mwili unasemaje. Ufuko nao huinamia baharini, hivyo mguu mmoja hukanyaga chini zaidi kuliko mwingine kwa saa nyingi, na nyonga na goti hulipa gharama hiyo usiku. Mchanga mgumu wa karibu na maji ndio rahisi zaidi, lakini huo ndio unaotoweka kwanza bahari inapojaa.

Kadiri umri unavyosonga, hisia ya kiu hupungua. Mzee anaweza kuwa amepungukiwa maji mwilini bila kuhisi kiu hata kidogo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza kutoa maji kwa njia ya mkojo. Kunywa kwa saa, usingoje kiu. Usiache dawa wala usipunguze kwa uamuzi wako. Zungumza na daktari kabla ya safari, umweleze wazi kwamba utatembea juani kwa saa kadhaa kila siku.

Mwenye kisukari ana mambo mawili ya ziada. La kwanza ni nyayo: ganzi ya miguu humfanya asihisi kokoto, malengelenge wala mchubuko wa chumvi, kwa hiyo azikague nyayo zake kila jioni kwa macho au kwa kioo. La pili ni insulini, ambayo huharibika kwa joto. Kabla hujalipia chumba uliza kama kuna jokofu linalofanya kazi usiku kucha.

Dawa zote zigawe sehemu mbili, mwilini na mkobani. Aliyepoteza mkoba wake mtoni alikaa siku mbili bila dawa kwa sababu zote zilikuwa pamoja.

Viatu na vifaa

Nunua viatu jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana, na kiatu kinachotosha asubuhi dukani hubana alasiri njiani. Kijaribu ukiwa umevaa soksi utakazozitumia, na pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole.

Viatu vya mitumba si vibaya kwa sababu ni vya mitumba. Tatizo ni gundi iliyozeeka: raba iliyokaa miaka ghalani huonekana nzima, kisha soli huachia siku ya pili katika maji ya chumvi. Ikunje soli kwa nguvu mbele ya muuzaji na utazame maungio. Vyovyote iwavyo, vaa viatu hivyo nyumbani kwa wiki mbili kabla ya safari. Kandambili ni za jioni, matumbawe hukata.

Maji ya chupa yawe na alama ya ubora ya TBS na kizibo kisichoguswa. Mafuta ya kukinga jua na pakiti za ORS zikaguliwe tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu amwulize daktari kwanza kuhusu ORS. Fimbo imara ni kifaa bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa: husaidia mizani na hupima kina cha maji kabla ya hatua inayofuata.

Malazi: fedha ya awali isikufunge miguu

Hapa ndipo mkataba mdogo unapoweza kuwa hatari kubwa. Mtu aliyelipia usiku tatu mbele, bila haki ya kurudishiwa, huwa amejiwekea mkuki mgongoni. Jua likiwa kali, goti likiuma, maji yakijaa, bado atasikia sauti ya fedha yake ikimwita. Kwa hiyo kabla ya kutuma malipo, uliza maswali haya na utake majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu:

- Nikichelewa siku moja kwa sababu ya bahari au afya, chumba kitanisubiri au nitalipishwa tena?
- Nikighairi, narudishiwa kiasi gani, na ndani ya siku ngapi?
- Naweza kulipa usiku mmoja tu, na nyingine nikifika?
- Kutoka kwenu hadi barabara ya magari ni umbali gani, na usiku usafiri unapatikana?

Penye nafasi, lipa usiku mmoja mmoja. Ikiwa bei ya namna hiyo ni kubwa kidogo, ihesabu nyongeza hiyo kuwa ni bei ya uhuru wako, na mara nyingi huo ndio ununuzi bora wa safari nzima. Weka pia akiba ya siku mbili ambazo hukuzipangia kutembea popote.

Baada ya kulipa, dai risiti na utunze ujumbe wa muamala. Usitume fedha kwa jina la mtu asiyehusiana na nyumba uliyoiulizia bila kupata maelezo.

Mwongozaji, mtumbwi na mbeba mzigo

Kutembea peke yako hakukulazimishi kuwa peke yako kila mahali. Yako maeneo ambayo kumlipa kijana wa kijijini akuvushe kwa saa moja ni busara. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa viongozi wa BMU walioko diko la wavuvi, uwasalimu, ueleze safari yako na uombe wakupendekezee mtu. Kwa njia hiyo bei hujulikana na anayekuongoza hujulikana. Anayejitangaza kuwa mwongozaji wa watalii aonyeshe leseni yake.

Kwa mtumbwi au ngalawa, patana bei kabla ya kupanda, na ieleweke kama ni ya mtu mmoja au ya chombo kizima, ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Uliza jaketi la kuokolea maisha, ulivae na kulifunga, usilikalie. Chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, shuka. Hakuna anayedharau umri wako kwa kushuka. Watakaokudharau ni wale wasiokujali.

Kwa mzigo unaotangulizwa kwa pikipiki au gari, patana saa, si siku tu, na uamue mapema utafanya nini mbebaji asipotokea. Kuchelewa kwake kusisogeze saa yako ya kuvuka kijito. Ikiwa muda wa kuvuka umepita, safari ya siku hiyo imekwisha. Kesho maji yatapwa tena, takriban dakika 50 baadaye. Dawa, kitambulisho, kadi ya bima, maji na fedha kidogo havitangulizwi kamwe.

Bima: soma kilichoondolewa

Watu husoma orodha ya yaliyolipiwa. Sisi tunakushauri uanze na orodha ya yasiyolipiwa. Angalia mambo manne: ukomo wa umri, ugonjwa uliokuwapo kabla ya kukata bima, gharama ya kukusafirisha kutoka mahali pasipo na barabara hadi hospitali, na kama kughairi safari kwa ushauri wa daktari kunafidiwa. Jaza fomu kwa ukweli. Anayeficha kisukari ili alipe kidogo amenunua karatasi.

Hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) aulize ni vituo vipi vilivyoko njiani vinavyoipokea.

Mtu mmoja ajue ulipo

Chagua mtu mmoja, si kikundi kizima cha familia, kwa kuwa lililoachiwa wote mara nyingi halifanywi na yeyote. Mpe karatasi yenye vituo vyako, saa za maji, namba za wenyeji wako na dawa unazotumia. Mkubaliane saa ya kuwasiliana kila jioni, na mkubaliane pia atafanya nini ukikaa kimya: ampigie nani kwanza, na baada ya muda gani aiarifu polisi. Namba ya dharura ni 112. Ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Mtandao wa simu hukatika katika sehemu za mikoko na chini ya miamba. Beba betri ya akiba, weka simu katika mfuko usiopitisha maji, na andika namba tatu muhimu katika karatasi iliyofungwa kwa nailoni. Beba pia fedha taslimu, kwa kuwa wakala wa kijijini anaweza kukosa salio siku unayomhitaji.

Ukipata hasara

Anza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, ukieleza tarehe, kiasi na unachokidai. Ambatanisha risiti na ujumbe wa simu. Usiporidhika, leta shauri kwetu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu huduma anayouziwa. Masharti yaliyofichwa hadi baada ya kulipa yana nafasi ya kuhojiwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama. Tulipousoma ujumbe aliotumiwa siku ya malipo, ulisema tu kwamba fedha imepokelewa. Sharti la kutorudisha alilisikia siku mbili baadaye. Mwenye nyumba alikubali kumrejeshea malipo ya usiku mbili. Tulimkabidhi hati ya makubaliano, naye akaikunja akaiweka mkobani. Kisha akasema jambo ambalo limetufanya tuandike makala haya: kwamba kina mama wale hakuwalipa kitu, na kwamba yeye, aliyefundisha hesabu miaka 30, aliingia majini kwa sababu ya shilingi 180,000.

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Chumba kilichopotea ni nusu shari. Unapopanga safari yako, panga tangu mwanzo ni kiasi gani uko radhi kukipoteza ili urudi nyuma, kitenge kiasi hicho, na ukihesabu kuwa kimekwisha kutumika. Siku utakapofika kwenye kijito na maji yanajaa, utakuwa huna deni na mtu yeyote aliyeko ng'ambo. Utakaa kivulini, utakunywa maji yako, utawasalimu wanaopita, na kesho asubuhi utavuka.